Nani Ameketi Mezani Pako?

Mazungumzo ya redioni. Masomo: Luka 14:12–14, Kumbukumbu la Torati 26:1–11

Kama Biblia yako iko karibu, ifungue katika Injili ya Luka, sura ya 14, kuanzia mstari wa 12. Kama huna Biblia hapo ulipo, au kama mikono yako ina kazi jikoni, wewe tega sikio tu, nitakueleza habari yenyewe.

Siku hiyo ilikuwa sabato. Bwana Yesu alikuwa amealikwa chakulani katika nyumba ya mkuu mmoja wa Mafarisayo. Wageni walikuwa wengi, na kila mmoja alitafuta kiti cha mbele. Alipokwisha kusema na wageni, Yesu alimgeukia mwenye nyumba. Alimwambia kwamba akifanya karamu asiwaite marafiki, ndugu, jamaa na majirani matajiri, kwa maana hao nao watamwalika kwao, na deni litakuwa limelipwa. Afadhali awaite maskini na vilema na wasioona, watu wasio na la kumrudishia, na malipo yake atayapata siku ya ufufuo.

Neno hili ni gumu. Je, Bwana anatukataza kula pamoja na jamaa zetu? Hasha. Yeye mwenyewe alikwenda arusini Kana, na alikula nyumbani kwa Martha na Mariamu. Hakuchukia meza ya jamaa. Alichokataa ni meza iliyofungwa mlango, meza ambayo kila anayeketi ni yule atakayetuita sisi kesho. Basi leo nataka tulipime neno hili kwa sikukuu moja ya nchi ya mbali, nayo ni Siku ya Shukrani ya Marekani. Nimeichagua kwa sababu jambo kubwa katika sikukuu hiyo ni meza. Tena wengi wenu mna watoto au ndugu huko, na kila mwaka, mwezi wa Novemba, huwapigia simu kuwaambia kwamba leo hawaendi kazini.

Kwa sheria ya mwaka 1941, siku hiyo ni Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Siku moja kabla yake, barabara na viwanja vya ndege hujaa watu wanaorudi kwa wazazi wao, kama vile stendi za mabasi za Nairobi zinavyojaa wakati wa Krismasi. Chakula chenyewe hutayarishwa kwa siku kadhaa. Nyama kuu ni bata mzinga, ndege mkubwa kuliko kuku mara nyingi. Bata mzinga wa kilo saba aliyegandishwa huhitaji siku tatu au zaidi katika jokofu ili barafu iyeyuke, kisha huokwa kwa muda wa saa nne hivi. Pamoja naye huandaliwa viazi vilivyopondwa, viazi vitamu, mkate uliokatwakatwa na kuchanganywa na vitunguu, mchuzi wa matunda madogo mekundu yaitwayo kranberi, na mwisho pai ya malenge. Katika nyumba za Wakenya walioko huko, si ajabu kuona chapati na pilau kando ya yule bata mzinga.

Kabla ya kula, katika nyumba nyingi baba au mama huomba. Katika nyumba nyingine hufuatwa desturi nzuri: kila mtu aliyeketi, tangu nyanya hadi mtoto mdogo, husema jambo moja analolishukuru mwaka huo. Mmoja hushukuru kwa kupona, mwingine kwa kazi, na mtoto hushukuru kwa mbwa wake. Vijana walio mbali na kwao hukutana katika chumba cha mmoja wao, na kila mmoja huja na sufuria yake. Wengine hawapiki kabisa. Huweka nafasi mapema katika hoteli, wakaenda huko na familia nzima, wakaandaliwa bata mzinga yule yule na pai ile ile, wasioshe hata sahani moja.

Wako wanaouliza, je, kwenda hotelini si kuiharibu sikukuu? Mimi sioni hivyo. Mama aliyesimama jikoni miaka 30, ambaye kila mwaka amekula chakula cha shukrani kikiwa kimepoa kwa sababu alikuwa akiwapakulia wengine, akipelekwa hotelini akaketi kama mgeni, hilo nalo ni shukrani. Mzee mjane asiyejua kupika ana haki ya kula siku hiyo kama wengine. Mungu haangalii ni nani aliyewasha jiko. Swali la Bwana Yesu katika Luka 14 ni lile lile nyumbani na hotelini: nani ameketi mezani pako?

Sasa, wasikilizaji, tuitazame karamu ambayo Wamarekani huitaja wanapoeleza chanzo cha siku hii. Mwishoni mwa mwaka 1620, jahazi liitwalo Mayflower liliwafikisha abiria 102 kutoka Uingereza katika pwani ya Marekani. Baadhi yao walikuwa Wakristo waliotafuta mahali pa kumwabudu Mungu kama dhamiri zao zilivyowaongoza. Walifika wakati wa baridi kali. Kabla baridi hiyo haijaisha, karibu nusu yao walikuwa wamekufa. Waliobaki hawakujua kuilima nchi ile.

Wenyeji wa hapo walikuwa watu wa kabila la Wampanoag, na mkuu wao aliitwa Massasoit. Mwezi wa Machi 1621 alifanya nao mapatano ya amani. Na palikuwa na mtu mmoja jina lake Tisquantum. Huyu alikuwa ametekwa mwaka 1614 na nahodha Mwingereza, akapelekwa Hispania ili auzwe utumwani. Baadaye alifika London, na mwaka 1619 akarudi kwao. Alipofika, alikuta kijiji chake cha Patuxet ni kitupu. Ugonjwa ulikuwa umewamaliza watu wake. Na mahali pale pale palipokuwa kijiji chake, ndipo wageni wale walipojenga mji wao wa Plymouth.

Msikilizaji, fikiri kidogo. Mtu huyu alikuwa na sababu zote za kuwaacha Waingereza wafe njaa. Lakini aliwafundisha kupanda mahindi na kutia samaki shimoni ili udongo upate nguvu. Akawaonyesha mahali pa kuvua samaki, akawa mkalimani wao. Wakavuna.

Baada ya mavuno ya mwaka huo wa 1621 walifanya karamu. Edward Winslow, mmoja wa wale wageni, aliandika barua mwezi wa Desemba akieleza kwamba Massasoit alikuja na watu wapatao 90, wakala na kufurahi pamoja siku tatu. Tena hawakuja mikono mitupu. Walitoka wakawinda paa watano, wakawaleta. Sisi tunasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hapo ni vigumu kujua nani mgeni na nani mwenyeji! Waliokaribisha walikuwa wageni wa nchi, na waliokaribishwa ndio waliokuwa na nchi. Mahindi yaliyokuwa mezani yalikuwa ni mafundisho ya Tisquantum.

Ningependa kuikomesha habari hapo, maana ni tamu. Watoto wengi wa Marekani wamefundishwa sehemu hiyo peke yake shuleni. Lakini kweli haikatwi katikati. Wageni waliendelea kuja, meli baada ya meli, na kila meli ilitaka mashamba. Mwaka 1675, miaka 54 baada ya karamu ile, vita vilizuka kati ya Waingereza na watu wa Wampanoag. Aliyewaongoza Wampanoag alikuwa Metacom, mwana wa yule Massasoit aliyeleta paa. Metacom aliuawa mwaka 1676, na kichwa chake kikatundikwa juu ya mti katika mji wa Plymouth. Wengi wa watu wake waliotekwa waliuzwa utumwani katika visiwa vya West Indies.

Wahenga walisema, shukrani ya punda ni mateke. Waliokula pamoja siku tatu, wana wao waliuana. Ndiyo maana tangu mwaka 1970, siku ile ile ambayo nyumba nyingine zinakata bata mzinga, wazao wa wenyeji wa kale hukutana Plymouth na kuifanya kuwa siku ya maombolezo. Wakati wengine wanaikumbuka karamu ya 1621, wao wanayakumbuka mashamba yaliyochukuliwa na watu waliokufa.

Msidhani nasema haya ili tuwahukumu Wamarekani. Wale watu wa Plymouth walikuwa waombaji. Mwaka 1623 ukame uliwapata, wakafunga na kuomba, mvua ikanyesha, nao wakaitenga siku maalumu ya kumshukuru Mungu. Siwezi kusema kwamba shukrani yao ilikuwa ya uongo. Lakini naona hatari iliyo ndani yake, na hatari hiyo imo ndani yetu pia. Mtu anaweza kuinua macho mbinguni na kusema asante kwa dhati, huku amemsahau mtu ambaye kwa mkono wake Mungu alimlisha. Anaweza kumshukuru Mungu kwa shamba, wala asimwulize Mungu shamba hilo lilikuwa la nani.

Ndiyo maana napenda tusome pia Kumbukumbu la Torati, sura ya 26. Hapo Mungu aliwafundisha Waisraeli jinsi ya kutoa malimbuko. Mwisraeli alitia mazao ya kwanza katika kikapu, akakipeleka kwa kuhani. Lakini hakuruhusiwa kukiweka na kuondoka. Ilimpasa asimulie habari. Aseme kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, kwamba watu wake walikuwa wageni na watumwa Misri, na kwamba ni Bwana aliyewatoa. Yaani, kabla ya kushiba akumbuke njaa yake. Kisha mstari wa 11 unamwagiza afurahie mema yale yote, yeye pamoja na Mlawi na mgeni anayekaa kati yao. Mlawi hakuwa na urithi wa shamba. Mgeni naye hakuwa na ukoo mahali pale. Mungu aliwaweka wote wawili mezani. Bila wao, sherehe ile haijakamilika.

Na sasa turudi Marekani mara moja tena, kwa maana wako waliolielewa jambo hilo. Palikuwa na mama mmoja mwandishi, Sarah Josepha Hale, aliyepigania kwa miaka mingi kwamba taifa lote liwe na siku moja ya shukrani. Rais Abraham Lincoln ndiye aliyetoa tangazo hilo, tarehe 3 Oktoba 1863. Mwaka huo nchi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na miezi mitatu tu kabla ya hapo maelfu walikuwa wameanguka katika mapigano ya Gettysburg. Twaweza kuuliza, je, huo ulikuwa wakati wa kushukuru? Lakini tangazo lile liliwaita watu washukuru kwa mavuno, kisha watubu kwa ukaidi wa taifa, na wawaombee wajane, yatima na wote waliofiwa katika vita. Angalieni, wapendwa: shukrani, toba na kumkumbuka aliaye, yote matatu katika siku moja. Hiyo ndiyo shukrani yenye macho.

Hata leo makanisa mengi huko hufungua kumbi zao Alhamisi hiyo, na wazee wa kanisa huvaa aproni na kuwapakulia wasio na makao. Wako pia wanaomkumbuka mwanafunzi wa kigeni. Siku hizo vyuo hufunga masomo, mabweni huwa kimya, na kijana aliyetoka mbali hubaki peke yake akitazama theluji au mvua dirishani. Wazazi wengi wa hapa Kenya wamesikia kwa simu jina la mama fulani wasiyemjua, aliyemwambia mtoto wao, njoo ule nasi. Mzazi, ukisikia habari hiyo, usiseme tu, watu wa huko ni wazuri. Mungu amekuonyesha mfano. Nawe jiulize, ni mtoto wa nani aliye peke yake karibu na nyumba yangu?

Na kumbukeni kwamba si wote wanaoketi siku ile. Bata mzinga wa hotelini ameokwa na mtu, na sahani zimeletwa na mtu. Wagonjwa hawaachi kuugua siku ya sikukuu. Wakenya wengi walioko Marekani ni wauguzi na watunzaji wa wazee, na Alhamisi hiyo wako kazini, wakimlisha kwa kijiko mzee ambaye wanawe hawakufika. Huyo pia ni mtu wa meza ya Bwana.

Wasikilizaji wapendwa, hapa kwetu hatuna Alhamisi ya bata mzinga. Lakini tuna sikukuu ya mavuno. Twajua kupanga mahindi, ndizi na miwa mbele ya madhabahu. Twajua mnada baada ya ibada, kuku akinunuliwa kwa bei ya mbuzi kwa ajili ya kazi ya Bwana. Tuna ibada za shukrani nyumbani, mtoto akifaulu mtihani au mgonjwa akitoka hospitali. Na siku hizi wako wanaochukua jamaa zao baada ya kanisa wakaenda kula mjini. Yote ni mema. Basi nawaulizeni maswali matatu, myachukue nyumbani.

La kwanza: yule msichana anayekusaidia kazi za nyumbani, aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuchinja kuku wa ibada yako ya shukrani, ameketi wapi wakati mchungaji anabariki chakula? Kama yuko nyuma ya mlango wa jikoni akingoja masufuria yarudi, basi mezani kwako pana kiti kimepungua. Ukienda hotelini, yule anayekuletea sahani ana jina. Mwite kwa heshima. Mwambie asante, na usimdhulumu haki yake.

La pili: ni nani aliyekuwa Tisquantum wako? Kila mmoja wetu anaye. Kuna mwalimu aliyekulipia karo mwezi mmoja. Kuna shangazi aliyekulaza sakafuni kwake ulipokuja mjini kutafuta kazi. Kuna jirani wa kabila jingine aliyekuficha wakati wa ghasia. Je, anajua kwamba unakumbuka? Luka sura ya 17 yatuambia kwamba wakoma kumi walitakaswa, na mmoja tu alirudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa. Tisa walikuwa na afya mpya na njia ndefu ya kwenda nyumbani. Hawakuwa wabaya. Walikuwa na haraka tu.

La tatu, na hili ndilo lililo zito: je, mavuno unayoyashukuru yametoka katika mpaka uliousogeza? Ndugu yako hajaja kwenye ibada yako kwa sababu ya shamba la marehemu baba. Mjane wa kaka yako alifukuzwa baada ya mazishi, na mahindi uliyoleta madhabahuni yameota katika udongo wake. Hapo, ndugu yangu, usiimbe kwanza. Bwana Yesu alisema katika Mathayo 5 kwamba mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende apatane na ndugu yake, ndipo arudi kuitoa. Mungu ana subira. Kikapu chako hakitaoza katika siku utakazotumia kwenda kwa mjane yule. Lakini usipokwenda, wana wako na wana wake watarithi vita, kama walivyorithi wana wa wale waliokula paa pamoja siku tatu.

Haya si mambo ya kutisha. Ni habari njema. Kwa maana sisi sote tumeketishwa katika meza tusiyoistahili. Tulikuwa wageni, hatukuwa na la kumlipa Mungu, naye akatualika kwa damu ya Mwanawe. Kila tunaposhiriki Meza ya Bwana tunakula kama wale maskini wa Luka 14, watu wasioweza kumwalika mwenyeji wao. Mtu akilijua hilo moyoni, hatahesabu sana nani atamrudishia. Ataongeza kiti.

Basi wiki hii fanya jambo moja. Kama ni chakula cha nyumbani, au ni chai na mandazi, au ni meza ya hotelini, tafuta mtu mmoja ambaye hakutarajia kuitwa, umwite. Si lazima uwe tajiri. Asiyeshukuru kwa kidogo, hata kwa kingi hatashukuru. Nusu ya ugali ikigawanywa kwa upendo inamtosha mgeni.

Na tuombe.

Baba yetu wa mbinguni, twakushukuru kwa mvua na kwa mavuno, kwa jamaa na kwa rafiki. Utukumbushe wale ambao kwa mikono yao ulitulisha. Utusamehe pale tulipokula na kumsahau mwenye shamba. Uwe pamoja na watoto wetu walio nchi za mbali, uwape mlango ulio wazi na kiti mezani. Uwafariji wanaoomboleza siku ambayo wengine wanasherehekea. Utupe moyo wa kurudisha tulichochukua, na mkono wa kugawa tulicho nacho. Twaomba hayo katika jina la Yesu Kristo, aliyetualika sisi tusiokuwa na kitu. Amina.